Paka anakuna masikio, mbwa ananyonyoka manyoya: kuutambua na kuumaliza utitiri wa wanyama wa nyumbani, Mtwara na Lindi

Kabla ya dalili hata moja, iweke chini chupa ya dawa ya mikorosho.

Msimu wa kupulizia ukianza, Mei hivi, nyumba nyingi za Tandahimba, Newala, Masasi, Nachingwea na Ruangwa huwa na mfuko wa salfa umeegemezwa ukutani na chupa ya dawa ya maji juu ya kabati. Mbwa ana upele, daktari wa mifugo yuko makao makuu ya wilaya, nauli ya bodaboda si ndogo. Mkono unakwenda kwenye kilicho karibu. Mtu anajiambia: kama inaua mbu wa mikorosho, itashindwaje na wadudu wa mbwa? Wadudu wanaweza kufa kweli, na mbwa akafa nao. Dawa ile imepimwa kwa ajili ya majani ya mkorosho. Haikupimwa kwa ngozi iliyochubuka ya mnyama anayejilamba kutwa nzima.

Paka ndiye anayeumia zaidi. Baadhi ya dawa za maji za mikorosho ni za jamii ya pairethroidi, na ini la paka haliwezi kuivunja sumu hiyo kwa kasi inayotakiwa. Anaanza kutetemeka, anadondosha mate, kisha degedege, mara nyingi ndani ya saa chache. Salfa yenyewe si ngeni kwenye tiba ya upele. Tangu zamani imechanganywa na mafuta ya kupaka kwa kipimo cha asilimia 5 hadi 10. Lakini unga wa kupulizia ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe wa mikorosho, ukimwagiwa mnyama unaingia machoni na mapafuni, na unaobaki anaulamba. Oili chafu ya pikipiki na mafuta ya taa vinaunguza ngozi, na vikilambwa vinadhuru tumbo, ini na mapafu. Hata BBE, ile dawa nyeupe ya upele wa binadamu, ni hatari kwa paka.

Kama ameshapakwa, usisubiri uone itakuwaje. Vaa glavu, mwogeshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, suuza, rudia. Kama ni oili, mpake kwanza mafuta ya kula ili ilegee, ndipo sabuni. Mfunge kwenye kitenge asijilambe. Usimlazimishe maziwa wala kumtapisha. Chukua chupa au mfuko wa ile dawa uende nao kwa daktari wa mifugo, kwa sababu jina lililoandikwa pale ndilo litakalomwelekeza cha kufanya.

Sasa dalili. Nimezipanga kama wafugaji wenyewe wanavyozieleza, na chini ya kila moja sababu inayotokea sana imetangulia.

Paka anatikisa kichwa na kukuna masikio hadi damu

Kwa paka, hasa watoto wa paka, cha kwanza kukishuku ni utitiri wa masikio, vidudu vidogo sana viitwavyo Otodectes cynotis. Baada ya huo ni fangasi au bakteria walioingia kwenye sikio lililokwisha kuchubuliwa. Kisha jeraha la ugomvi lililotunga usaha, na mwisho kinyama kilichoota ndani ya sikio.

Uchunguzi wake unafanyika nyumbani. Mfunge paka kwenye kitenge kichwa kibaki nje, mtu mmoja amshike, mwingine awashe tochi ya simu. Nta ya kawaida ni kidogo, ya njano au kahawia hafifu. Uchafu wa utitiri ni mweusi, mkavu, wa punjepunje, mithili ya makapi ya kahawa yaliyobaki chini ya kikombe. Toa kidogo kwa pamba iliyozungushwa kidoleni, uipanguse juu ya jalada jeusi la daftari, kisha angalia kwenye mwanga mkali kwa dakika mbili hivi bila kupumulia karibu. Ukiona chembe nyeupe ndogo kuliko ncha ya sindano zinajisogeza, jibu umelipata. Usipoona kitu, bado hujathibitisha kwamba haupo.

Usichomeke kijiti cha pamba ndani ya tundu. Unausukuma uchafu chini na unaweza kutoboa ngoma ya sikio. Kama sikio halina usaha, halinuki na paka hapigi kelele ukiligusa, dondosha matone mawili matatu ya mafuta safi ya kula yaliyo vuguvugu, sugua shina la sikio kwa nje, mwache atikise kichwa, kisha futa kinachotoka. Mafuta yanalainisha uchafu na kuuziba pumzi baadhi ya utitiri. Peke yake hayaumalizi.

Kinachoumaliza ni dawa anayoipanga daktari wa mifugo: matone ya masikio, dawa ya kudondoshea kwenye ngozi ya kisogo yenye selamektini kama inapatikana, au ivermektini. Kutoka yai hadi mdudu mzima inachukua wiki tatu hivi, kwa hiyo dawa ya siku moja haitoshi hata kama paka ameacha kujikuna kesho yake. Na watibiwe paka wote wa nyumba, pamoja na mbwa anayelala nao, hata wasiokuna.

Acha kujaribu mwenyewe na umpeleke haraka kama anainamisha kichwa upande mmoja, anazunguka au kuanguka, sikio linatoa usaha wenye harufu, au limevimba likawa kama puto laini. Uvimbe huo ni damu iliyojikusanya chini ya ngozi kwa sababu ya kutikisa kichwa, na si wa kutumbuliwa na wembe nyumbani.

Kwa mbwa mkubwa mpangilio hugeuka. Sikio linalonuka huwa na fangasi au bakteria kuliko utitiri, na mbwa wa shamba mara nyingi ana kupe ndani kabisa. Tazama kupe kwanza.

Mbwa anajikuna usiku kucha, hali vizuri, manyoya yananyonyoka

Sababu ya kwanza ni viroboto. Ya pili ni upele wenyewe, yaani utitiri uitwao Sarcoptes scabiei unaochimba vijia ndani ya ngozi na kutaga humo. Mbali nyuma yake kuna mzio wa chakula na fangasi.

Tofauti inaanzia mahali anapojikuna. Viroboto humsumbua mgongoni karibu na shina la mkia na kwenye mapaja. Mchane juu ya karatasi nyeupe, kisha lowanisha zile chembe nyeusi. Zikitoa wekundu, ni kinyesi cha kiroboto chenye damu. Upele wa Sarcoptes huanzia kingo za masikio, viwiko, vifundo vya miguu ya nyuma na tumboni, palipo na manyoya machache. Ngozi inakuwa nyekundu, ina vipele, halafu magamba ya kijivu, na mwisho inakuwa nene yenye mikunjo.

Kuna jaribio dogo wataalamu hulitumia. Shika ukingo wa sikio la mbwa, uusuguesugue kati ya vidole viwili. Mwenye upele, mguu wake wa nyuma mara nyingi unaanza kukuna hewani bila yeye kupenda. Si uthibitisho kamili, lakini ukiuona pamoja na viwiko vilivyonyonyoka, una sababu nzuri ya kwenda kwa mtaalamu.

Huko atakwangua ngozi na kuangalia kwa hadubini. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA) una kituo Mtwara, na kwa kesi ngumu afisa mifugo anaweza kukuelekeza sampuli ipelekwe wapi. Sarcoptes hujificha sana, na mara nyingi ukwanguaji hautoi kitu ilhali upele upo. Daktari akikwambia "sijauona, lakini tutibu", hakudanganyi.

Tiba ya kawaida ni ivermektini chini ya ngozi, ikirudiwa baada ya siku 14, wakati mwingine zaidi. Hapa nataka tuelewane, kwa sababu chupa ya dawa hii inauzwa maduka ya pembejeo na watu huichoma wenyewe. Ile ya asilimia 1 ina miligramu 10 katika kila mililita. Ng'ombe wa kilo 300 anapata ml 6. Mbwa wa kilo 10, kwa kipimo kilekile cha miligramu 0.2 kwa kilo, anapata ml 0.2. Paka wa kilo 3 anapata ml 0.06, kiasi ambacho bomba la sindano la ng'ombe haliwezi hata kukipima. "Nimempa kidogo tu" ya ml 1 kwa mbwa huyo ni mara tano ya kipimo. Mbwa wa aina ya Collie, na baadhi ya German Shepherd na chotara wao, wana hitilafu ya kurithi inayoiacha dawa hii iingie kwenye ubongo. Mboni kutanuka, kuyumba, kutoona, mate na kuzimia ni dalili za kuzidishiwa. Vitoto vidogo vya mbwa na paka visiguswe nayo bila daktari.

Dawa ya kuogesha yenye amitrazi, ile ya kupe, nayo inaua utitiri wa mbwa. Kwa iliyo asilimia 12.5, ml 2 kwa lita 1 ya maji inatoa kipimo cha sehemu 250 kwa milioni kinachotumika kwa mbwa. Soma lebo ya chupa yako, kwa sababu nguvu zinatofautiana. Mwogeshe kwanza kwa sabuni magamba yatoke, akauke kidogo, kisha umpake dawa iliyochanganywa siku hiyohiyo, bila kuisuuza, na akaukie kivulini. Jua la saa saba la Lindi na mbwa aliyelegezwa na amitrazi havipatani. Isitumike kwa paka hata kidogo, wala kwa mbwa wachanga, anayenyonyesha au mwenye kisukari. Vidonge vipya vya kutafuna vya kundi la afoxolaner na fluralaner vinaua utitiri huu vizuri sana. Bei yake ni kubwa na si kila duka linavyo, ila ukivipata mjini na uwezo upo, mimi ningevichagua kabla ya kuogesha.

Tahadhari nyingine: usikubali sindano ya "kukata muwasho" kabla ya utitiri kutafutwa. Dawa kama deksamethasoni zinatuliza kwa siku chache huku zikiishusha kinga, na utitiri unazaliana kwa raha.

Uso wa paka umejaa magamba manene ya kijivu

Huu ni upele wa paka, Notoedres cati. Unaanzia ukingo wa sikio, unashuka usoni na shingoni, kisha unahamia miguuni na chini ya mkia kwa sababu paka hujikunja akilala na hujisafisha uso kwa mikono. Kinachofanana nao ni mashilingi, yaani fangasi wa ngozi, lakini mashilingi huacha duara lenye manyoya yaliyokatika na muwasho mdogo. Majeraha ya ugomvi ni ya upande mmoja, hayasambai hivi.

Hapa hakuna cha kujaribu nyumbani. Paka anakonda haraka, na asipotibiwa hufa. Habari njema ni kwamba tiba yake ni rahisi, na paka aliyekuwa anatisha kumtazama hurejea uso wake ndani ya wiki chache. Nasisitiza hili kwa sababu wengi wa paka hao hufukuzwa nyumbani wakidhaniwa hawaponi. Akifukuzwa atakwenda sokoni kwenye samaki, na ataambukiza paka wengine huko.

Mtoto wa mbwa ana viraka vya upara lakini hajikuni

Shuku Demodex. Utitiri huu huishi kwenye vishina vya manyoya ya karibu kila mbwa, aliupata kwa mama yake siku za mwanzo za kunyonya, na kwa kawaida hauna madhara. Kinga ikiwa changa au imedhoofika unaongezeka: viraka kuzunguka macho, pembe za mdomo na miguu ya mbele. Hauwaambukizi watu, wala hakuna sababu ya kumtenga mbwa.

Viraka vichache kwa mtoto wa mbwa mara nyingi hupona vyenyewe akilishwa vizuri na kutolewa minyoo. Ugali mtupu na maji ya dagaa havijengi kinga. Ongeza dagaa wenyewe, vichwa vya samaki vilivyopikwa na kutolewa miiba, au utumbo. Vikisambaa mwili mzima, vikatoa usaha, au vikatokea kwa mbwa mkubwa, nenda kwa daktari, kwani kuna ugonjwa mwingine nyuma yake wa kutafutwa. Jike aliyepata wa mwili mzima asizalishwe.

Mba nyingi mgongoni. Sungura mwenye maganda masikioni

Mba inayoonekana kusogea ni utitiri uitwao Cheyletiella. Bandika selotepu mgongoni, ibandue, itazame kwenye mwanga. Unapatikana kwa sungura, paka na mbwa, na unawawasha watu kwa muda. Dawa za viroboto na utitiri zilizoidhinishwa kwa mnyama husika zinauondoa.

Sungura akiwa na maganda ya njano yaliyopangana ndani ya sikio, ni utitiri uitwao Psoroptes. Usiyabandue. Yanauma mno na yanatoa damu. Akishatibiwa kwa ivermektini yanadondoka yenyewe. Na usimdondoshee sungura dawa ya viroboto ya mbwa yenye fipronili: inaua.

Watu wa nyumbani wanawashwa usiku

Dalili hii inagombanisha nyumba. Paka anatupwa, kumbe mkosaji yuko kwenye banda.

Ya kwanza kuishuku, palipo na kuku wanaolala jikoni au wanaoatamia chini ya kitanda, ni utitiri wa kuku. Mchana unajificha kwenye nyufa za ukuta wa udongo, kwenye fito na ndani ya kiota. Usiku unatoka kunyonya damu, na kuku asipokuwepo unapanda kwa paka, mbwa na watu. Ni wa kijivu, chini ya milimita 1, na mwekundu ukishashiba. Dalili yake kubwa ni kuku anayeatamia kuyaacha mayai. Ingia bandani saa mbili usiku na tochi, pitisha kitambaa cheupe chini ya fito, ukisugue. Madoa mekundu ndiyo hayo.

Kumpaka kuku dawa na kuliacha banda ni kazi bure, kwa sababu sehemu kubwa ya utitiri haiko juu ya kuku. Toa kuku, choma matandiko na kiota, mwagia nyufa maji yanayochemka, kisha ziba kwa udongo na upake chokaa. Unga wa dawa ya utitiri upakwe kwa maelekezo ya lebo, na urudie ndani ya siku 7 hadi 10, kwa kuwa kwenye joto kizazi kipya huiva upesi hivyo. Banda lililoachwa tupu bado linaweza kuwa na utitiri hai kwa miezi kadhaa. Na kuku wasilale tena chumbani na watu.

Ya pili ni upele wa binadamu, unaoambukizwa kati ya mtu na mtu: katikati ya vidole, vifundo vya mikono, kiunoni, na kila mmoja nyumbani anaupata. Huo ni wa zahanati, na watibiwe wote siku moja.

Ya tatu ndiyo upele wa mbwa au paka. Vipele hutokea pale ulipombeba: mikono, tumbo, mapaja. Utitiri wa mbwa hauzaliani vizuri kwenye ngozi ya mtu, hivyo muwasho huisha wenyewe ndani ya wiki mbili tatu mnyama akishapona. Mtoto mchanga, au mtu mwenye vidonda vinavyotoa usaha, asisubiri wiki hizo.

Tumetibu, umerudi

Kwanza hesabu dozi. Mayai hayafi na sindano ya kwanza. Yanaanguliwa, na bila dozi ya pili mnaanza upya. Pili hesabu wanyama: je, walitibiwa wote, siku moja? Mbwa watatu wa kufukuza ngedere na nguruwe shambani wakilala pamoja, kumtibu anayejikuna peke yake ni kumrudisha palepale. Tatu, malazi. Sarcoptes nje ya mwili huishi siku chache tu kwenye joto letu, zaidi kidogo wakati wa mvua za Desemba hadi Aprili kwa sababu unyevu unamlinda. Magunia na vitambaa vichemshwe au vichomwe, mikeka ianikwe juani siku kadhaa, mchanga wa pembeni ya ukuta anapolala ufagiliwe na kubadilishwa. Nne, paka mgeni. Akija mwenyewe kufuata harufu ya samaki na mkaamua akae, mtengeni na wengine wiki tatu, mkague masikio, ndipo aingie.

Tano, pengine haikuwa utitiri tangu mwanzo. Mbwa aliyepauka fizi, mwenye homa na kupe wengi, huenda ana ugonjwa unaoletwa na kupe. Aliyekonda na macho yamefanya ukungu wa bluu, hasa kutoka upande wa Liwale penye mbung'o, apimwe ndorobo, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o hao. Anayelamba na kutafuna nyayo, tazama funza kati ya vidole. Na mbwa aliyebadilika tabia, anayeng'ata hovyo, aliyelegea taya na kutoa mate, usimshike kumtazama ngozi. Mfungie kwa mbali, mwite afisa mifugo. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 na aende hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa.

Kampeni ya chanjo hiyo ikifika kijijini kwenu, mpeleke mbwa hata kama ana upele, ila mshike kwa kamba fupi mbali na wenzake, na mwombe mtaalamu amwangalie viwiko na masikio kabla hajahamia kwa mbwa anayefuata.